Ulezi wa Watafiti Ifakara na Swali la Pombe

Mhariri wa jarida letu ameniomba niandike kidogo juu ya historia ya utafiti wa afya katika bonde la Kilombero. Sababu yake ni njema. Wengi wetu tuliosoma shule hii tumekulia bondeni, na wanafunzi wa sasa hupita mbele ya lango la Taasisi ya Afya Ifakara pasipo kujua yaliyomo ndani. Nimekubali kwa furaha. Hata hivyo sitaandika habari za majengo, wala sitatoa orodha ya wakurugenzi wote. Nitaandika juu ya jambo moja, nalo ni namna mtafiti anavyolelewa. Maana mtafiti hazaliwi akiwa mtafiti, wala hatoki chuoni akiwa amekamilika. Hufundwa na aliyemtangulia, kama fundi seremala anavyomfunda mwanagenzi wake, mpaka siku fundi anapomwachia randa na kuondoka.

Nina sababu ya pili ya kuandika. Ulezi huo umezaa matunda makubwa katika vita dhidi ya malaria. Sasa liko swali jingine ambalo kila mtu wa bonde analijua kwa macho lakini wachache wamelipima, nalo ni swali la pombe na afya. Swali hilo linahitaji walezi na wanagenzi wake, na sioni kwa nini wasitoke miongoni mwa vijana wa shule hii.

Mimi mwenyewe si mtafiti. Nilikuwa mwalimu wa baiolojia, na kazi ya mwalimu ni kusoma anayoandika mtafiti na kuyaeleza kwa maneno ambayo kijana wa kidato cha pili atayaelewa. Ndugu mliobobea katika sayansi mtanivumilia.

MWANZO WA MAABARA

Bonde letu ni bonde la maji. Upande mmoja imesimama milima ya Udzungwa, upande wa pili nyanda za juu za Mahenge, na katikati mto Kilombero hufurika wakati wa masika na kuacha udongo mzuri wa mpunga. Maji hayo hayo yaletayo mpunga ndiyo yaletayo mbu. Msimu wa kilimo familia nyingi huhamia mashambani na kulala katika madungu ili kulinda mpunga wao, na huko mbu huwakuta. Mtu aliyetaka kujifunza magonjwa ya nchi za joto hakuwa na haja ya kutafuta mahali pengine.

Mtu huyo alikuwa Profesa Rudolf Geigy wa mji wa Basel, Uswisi, mtaalamu wa elimu ya wanyama, ambaye mwaka 1943 alianzisha taasisi ya nchi yake ya kuchunguza magonjwa ya nchi za joto. Njia ya kumfikisha Ifakara ilikuwa imekwisha kusafishwa na Wakapuchini wa Uswisi, waliokuwa na misheni na hospitali ya Mtakatifu Fransisko, ambako Dk. Karl Schöpf kutoka Austria alikuwa akitibu wagonjwa. Katika miaka ya 1956 na 1957 ikafunguliwa maabara ndogo, tawi la taasisi ya Basel.

Miongoni mwa mambo aliyoyashughulikia Geigy ni papasi, yule mdudu anayejificha katika nyufa za sakafu za udongo, akatoka usiku kunyonya damu, na kuleta homa inayopoa na kurudi tena. Vitabu vya kigeni humwita Ornithodoros moubata. Bibi zetu walimwita papasi na walijua nyumba zipi anazo. Hapo pana jambo la kutafakari. Profesa alijua kumpasua papasi chini ya hadubini, lakini aliyejua mahali papasi anapolala alikuwa mtu wa kijiji. Kazi ile isingewezekana pasipo wenyeji walioonyesha nyumba, walioinama sakafuni, na waliofasiri maneno ya wenye nyumba. Katika hatua hii ya kwanza maarifa ya mwenyeji yalitumika, lakini swali lilikuwa la mgeni.

Hatua ya pili ilikuja mwaka 1961, mwaka ule ule wa uhuru wa Tanganyika, kilipoanzishwa Ifakara kituo cha mafunzo kilichoitwa Rural Aid Centre, kwa msaada wa mfuko ulioundwa na makampuni ya kemikali ya Basel. Kituo hicho kiliandaa waganga wasaidizi, na baadaye kikakua kuwa chuo cha matabibu wasaidizi chini ya Serikali. Tuwakumbuke vijana wale. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 nchi ilitaka zahanati vijijini, na zahanati haiendeshwi na jengo. Huendeshwa na kijana aliyefundishwa kusikiliza kifua, kusoma kioo cha damu, na kuandika alichokiona bila kuongeza wala kupunguza. Hilo la mwisho ndilo msingi wa utafiti. Mtu ambaye hawezi kuandika "sikuona kitu" pale ambapo hakuona kitu, hafai kupewa hadubini.

KIJANA KUPEWA SWALI LAKE

Mwaka 1981 uongozi wa maabara ya Ifakara ulishikwa na Marcel Tanner, aliyekuja kuwa mkuu wa taasisi ya Basel kuanzia 1997. Wakati wake uliendeshwa utafiti wa kijiji cha Kikwawila, karibu na Ifakara. Watoto walipimwa minyoo, malaria na lishe, wakafuatiliwa mwaka hadi mwaka. Lakini wanakijiji nao waliulizwa ni matatizo gani wanayoyaona wao wenyewe kuwa makubwa. Hii ilikuwa hatua ya tatu: swali sasa lilianza kuwa la pande mbili.

Hatua ya nne ndiyo ninayoiona kuwa kubwa kuliko zote. Serikali ilikuwa imeunda Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, yaani NIMR, kwa sheria ya mwaka 1979, na mwaka 1986 ikaundwa Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1990 maabara ya Ifakara ilikuwa ikigeuka kuwa kituo cha Kitanzania, na Dk. Andrew Kitua akawa Mtanzania wa kwanza kukiongoza. Yeye hakupewa kazi ya kukusanya damu ya swali la mtu mwingine. Alikuwa na swali lake: je, mtoto mchanga wa bonde hili huanza kupata malaria lini, na mwaka wake wa kwanza hupitaje? Alilifuatilia katika kijiji cha Idete, na matokeo yakachapishwa mwaka 1996 jina lake likiwa la kwanza. Mwaka uliofuata akaenda kuiongoza NIMR yenyewe. Baada yake Dk. Hassan Mshinda alikiongoza kituo kwa takriban muongo mmoja, kisha naye akawa Mkurugenzi Mkuu wa COSTECH.

Msomaji kijana aweza kuuliza: jina kuwa la kwanza lina uzito gani? Lina uzito kama hati ya shamba. Katika maandishi ya sayansi, jina la kwanza kwa kawaida ni la aliyefanya kazi na kuandika, na la mwisho mara nyingi ni la mlezi. Mlezi mwema hufurahi kuhamia mwisho wa mstari. Mlezi mbaya hung'ang'ania mwanzo hata akiwa na mvi. Ukitaka kujua kama taasisi inalea watu au inawatumia, soma majina katika maandishi yake ya miaka ishirini, uone kama yanasogea.

Matunda ya swali la Idete yalionekana. Ikiwa hatari ya malaria huanza katika mwaka wa kwanza wa uhai, basi yafaa mtoto akingwe katika mwaka huo huo, anapoletwa kliniki kwa chanjo zake za kawaida. Ifakara walijaribu kuwapa watoto dawa ya SP wakati wa chanjo, na mwaka 2001 wakatangaza kwamba homa za malaria zilipungua kwa asilimia 59 katika mwaka wa kwanza. Shirika la Afya Duniani lilikuja kuupendekeza utaratibu huo mwaka 2010 kwa nchi zenye maambukizi makali. Hali kadhalika mradi wa vyandarua vilivyotiwa dawa, vilivyouzwa katika wilaya za Kilombero na Ulanga kwa jina la Zuia Mbu, ulionyesha mwaka 2001 kwamba uhai wa watoto wadogo waliotumia vyandarua uliongezeka kwa asilimia 27. Hapo taifa likapata ushahidi wake, na mwaka 2004 ukaanza mpango wa Hati Punguzo kwa akina mama wajawazito.

Haikuwa mafanikio matupu. Chanjo ya SPf66 ya Dk. Manuel Patarroyo wa Kolombia ilijaribiwa Idete, na mwaka 1994 ikaripotiwa kwamba ilikinga kwa asilimia 31. Matumaini yalikuwa makubwa. Ilipojaribiwa kwa watoto wachanga wa bonde hili hili, matokeo yaliyochapishwa mwaka 1999 yalikuwa asilimia 2 tu, maana yake si kitu. Yakachapishwa vile vile. Kwa maoni yangu, kijana aliyekuwa mwanagenzi katika jaribio lile la pili alijifunza zaidi kuliko aliyekuwa katika la kwanza, kwa sababu alimwona fundi akisema hadharani kwamba mlango haukufunguka. Uzoefu wa majaribio haya haukupotea. Mwaka 2009 taasisi, iliyokwisha kuchukua jina la Ifakara Health Institute, ilishiriki kupitia tawi lake la Bagamoyo katika jaribio kubwa la chanjo ya RTS,S, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza tarehe 6 Oktoba 2021.

PUA YA MBU

Sasa nisogee karibu na pombe, na njia yangu itapita katika pua ya mbu.

Mbu hamtafuti mtu kwa macho hasa, bali kwa harufu na pumzi. Mwaka 1996 Bart Knols na mwenzake huko Uholanzi walionyesha kwamba mbu wa malaria huvutwa na jibini la Limburger, linalonuka kama miguu ya mtu. Watu walicheka, lakini jambo lilikuwa la kweli. Knols alifanya kazi pia Ifakara, ambako alikuwapo pia Gerry Killeen, na vijana wengi walijifunza kwao. Mmoja wao ni Fredros Okumu, kijana kutoka Kenya aliyefika Ifakara mwaka 2008. Mwaka 2010 Okumu na wenzake walichapisha habari ya mchanganyiko wa amonia, asidi ya maziwa na asidi nyingine zilizomo katika jasho, pamoja na hewa ya kaboni. Mchanganyiko huo ukiwekwa katika nyumba yake peke yake ulivuta mbu mara tatu hadi tano kuliko mtu aliyelala katika nyumba nyingine. Baadaye Okumu akawa Mkurugenzi wa Sayansi wa taasisi, na yeye naye akawa mlezi. Leo maandishi mengi ya mbu wa Kilombero yanaongozwa na majina ya vijana wa Kitanzania, wanaume kwa wanawake, waliopitia mikononi mwake na mwa wenzake. Mathalani, ni kazi ya Emmanuel Kaindoa na wenzake, iliyochapishwa mwaka 2017, iliyoonyesha kwamba katika vijiji vyetu mbu aitwaye Anopheles funestus, ingawa si wengi kuliko wengine, ndiye aliyebeba zaidi ya asilimia 80 ya maambukizi.

Pombe inaingiaje? Inaingia kwa milango miwili.

Mlango wa kwanza ni chachu. Mama anayepika ugimbi anajua kwamba ukichanganya kimea na uji, ukaacha, chombo kitachemka pasipo moto na kutoa povu. Chachu inakula sukari na kutoa vitu viwili: kileo, na hewa ya kaboni. Hewa hiyo ndiyo ile ile tunayoitoa katika pumzi, na ndiyo inayomwambia mbu kwamba mtu yuko karibu. Watafiti wa Wageningen, Uholanzi, pamoja na Richard Mukabana wa Kenya, walionyesha mwaka 2010 kwamba sukari na hamira katika chupa vinaweza kuchukua nafasi ya mitungi ya hewa ya kaboni yenye gharama kubwa katika mitego ya mbu. Mwaka 2014 Collins Mweresa, akifanya kazi pamoja na Mukabana, akaonyesha kwamba hata molasi, masalia ya kiwanda cha sukari, yanafaa. Tazameni mnyororo huo: mlezi, mwanagenzi aliyekuwa mlezi, na mwanagenzi wa mwanagenzi. Tazameni pia kwamba sisi tunaoishi jirani na viwanda vya sukari vya Kilombero tumeizoea molasi tangu utotoni.

Mlango wa pili ni mnywaji mwenyewe. Mwaka 2002 watafiti wa Japani waliwapa watu 13 bia mililita 350 kila mmoja, wakaona mbu wanatua zaidi juu ya wanywaji. Mwaka 2010 Thierry Lefèvre na wenzake, wakiwamo watafiti wa Burkina Faso, walifanya jaribio kama hilo kwa mbu wa malaria. Wanaume waliojitolea walikunywa dolo, pombe ya mtama ya nchi ile, na wengine wakanywa maji. Waliokunywa dolo walivuta mbu zaidi kuliko kabla ya kunywa. Waliokunywa maji hawakubadilika. Cha ajabu, tofauti hiyo haikuelezwa na joto la mwili wala na hewa ya kaboni waliyoitoa. Ni nini basi kilichobadilika katika harufu yao? Hilo ni swali la haki kabisa kwa kijana wa Kilombero.

SWALI LA POMBE BONDENI

Tuseme wazi. Chandarua humkinga aliyelala. Hakimkingi aliyeketi kilabuni tangu magharibi hadi saa nne za usiku, huku Anopheles arabiensis, ambaye huuma pia nje na mapema, akimzunguka miguuni. Sisemi kwamba kilabu ndicho chanzo cha malaria. Nimekwisha kutaja kwamba maambukizi mengi huletwa na mbu mwingine. Nasema tu kwamba mnywaji huenda anavuta mbu zaidi, yuko nje ya chandarua, na akirudi nyumbani huenda asikumbuke kukishusha. Mambo hayo matatu yanastahili kupimwa pamoja.

Na malaria ni sehemu ndogo tu ya habari. Katika hospitali ya Mtakatifu Fransisko iko kliniki ya magonjwa ya kudumu ambayo tangu 2005 hufuatilia watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI kutoka Kilombero na Ulanga. Dawa kadhaa za kifua kikuu, mathalani isoniazidi, huchosha ini, na pombe nayo huchosha ini. Daktari akimuuliza mgonjwa, "Unakunywa?" anajibiwa, "Hapana, daktari." Je, aamini?

Huko Mbarara, Uganda, Dk. Winnie Muyindike na Judith Hahn wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walilifuatilia swali hili kwa miaka mingi pamoja na vijana waliowalea. Walitumia kipimo cha damu kinachotafuta kemikali iitwayo fosfatidiletanoli, ambayo mwili huitengeneza pale tu kileo kinapokuwapo, na ambayo hubaki katika damu kwa wiki mbili hadi nne. Iligundulika kwamba sehemu ya wagonjwa waliosema hawanywi walikuwa wamekunywa. Funzo lake si kwamba wagonjwa ni waongo. Ni kwamba mgonjwa anayeogopa kukaripiwa au kunyimwa dawa atalinda maslahi yake, na mtafiti asiyejua hofu hiyo atakusanya takwimu za hofu badala ya takwimu za pombe.

Hapa kwetu Tanzania kazi mashuhuri imefanyika Moshi, katika hospitali ya KCMC, ambako watafiti wa Kitanzania wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani waliangalia majeruhi wanaofika hospitalini wakiwa wamekunywa. Walitengeneza mazungumzo mafupi yanayoendeshwa na muuguzi kando ya kitanda, wakayapa jina la Kiswahili: Punguza Pombe kwa Afya Yako. Kabla ya hapo ilibidi wahakikishe kwamba maswali 10 ya Shirika la Afya Duniani, yaitwayo AUDIT, yanaeleweka kwa Kiswahili. Kazi hiyo ya tafsiri yaonekana ndogo, lakini ndiyo iliyobeba yote mengine.

Nitatoa mfano ili wanafunzi wafanye hesabu. Maswali yale huuliza mtu hunywa "vipimo" vingapi, na kipimo kimoja huhesabiwa kuwa gramu 10 za kileo. Chupa ya bia ya nusu lita yenye kileo asilimia 5 ina mililita 25 za kileo. Mililita moja ya kileo ina uzito wa takriban gramu 0.79. Kwa hiyo chupa hiyo ina gramu zipatazo 20, yaani vipimo viwili. Haya, ni vipimo vingapi katika kata ya ugimbi inayozunguka mikononi mwa watu sita, ambayo jana ilikuwa nyepesi na leo imekolea? Na ulanzi unaoshushwa kutoka nyanda za juu za Iringa, ambao asubuhi ni mtamu na jioni ni mkali? Kitabu kilichoandikwa Geneva hakiwezi kujibu. Kijana aliyekulia nyumba ya mpika pombe anaweza kuanza kujibu, ikiwa atapewa kipima kileo, daftari, na mtu wa kumsahihisha.

MLEZI WA UTAFITI WA POMBE AWEJE

Malezi ya mtafiti wa pombe yana ugumu wake kuliko ya mtafiti wa mbu. Mbu hana aibu, wala hana kesi polisi. Nimejifunza kutokana na historia niliyoieleza mambo manne ambayo mlezi hana budi kuyafundisha.

Kwanza, heshima kwa mpikaji. Tusijifanye hatujui. Nauli ya wengi wetu kuja shule, na sare tulizovaa, zilitoka katika chungu cha ugimbi cha mama au shangazi. Mtafiti kijana akiingia ua wa mpika pombe na kuuliza anauza lita ngapi, anasikika kama mtu wa ushuru. Akiuliza habari za gongo, anasikika kama askari, kwa sababu gongo imekatazwa kisheria. Mlezi amfundishe kueleza alikotoka, kutoandika jina pasipo ruhusa, na kunyamaza anapotakiwa kunyamaza.

Pili, ridhaa. Mtu aliyelewa hawezi kuridhia utafiti. Majeruhi aliyelewa husubiriwa mpaka akili imrudie. Na jaribio la kumnywesha mtu pombe ili kuona mbu linahitaji kibali cha kamati za maadili, ya taasisi na ya NIMR, na kumwacha kando aliye mgonjwa, mjamzito, au anayepambana kuacha. Mwanagenzi asiachiwe peke yake katika mambo haya.

Tatu, kutokuwa na upande. Wapo wanaotaka utafiti uhubiri kwamba pombe yote ni dhambi, na wapo wanaopata faida wanaotaka utafiti uwe na maneno laini. Serikali ilipopiga marufuku pombe za viroba tarehe 1 Machi 2017, kila mtu alikuwa na maoni, lakini wachache walikuwa na vipimo vya kabla na baada. Mtafiti aliyelelewa vema husema alichokipima, kama vile Ifakara walivyosema asilimia 31 na kisha wakasema asilimia 2.

Nne, kuondoka. Geigy alileta swali lake, Tanner aliketi na kijiji, Kitua akawa na swali lake, Okumu akalea wengine. Katika kila hatua kuna mtu aliyekubali kusogea. Mlezi asiyesogea huacha nyuma yake wasaidizi wenye nywele nyeupe.

KWENU WANAFUNZI

Nawageukia ninyi mlio madarasani sasa. Taasisi ya Afya Ifakara, kwa kushirikiana na Chuo cha Nelson Mandela cha Arusha, imekwisha kufundisha shahada ya uzamili ya utafiti wa afya ya jamii, na vijana kadhaa wa mikoa mbalimbali wamepitia mlango huo. Lakini msingoje mpaka huko. Jifunzeni kemia ya chachu, maana hapo ndipo pombe, mkate na mtego wa mbu vinapokutana. Jifunzeni hesabu za takwimu, ambazo wengi huzikimbia. Jifunzeni pia lugha za nyumbani kwenu, iwe Kipogoro, Kindamba au Kihehe, kwa sababu mzee wa kilabuni hatakwambia habari za ini lake kwa lugha ya darasani.

Na ninyi ndugu zangu wanafunzi wa zamani mlio katika hospitali, vyuo na wizara, nawaomba jambo dogo. Kila mmoja wenu amchukue mwanafunzi mmoja wakati wa likizo. Asimpe kazi ya kufagia maabara peke yake. Amkalishe mbele ya hadubini, amwonyeshe kioo, amuulize, "Unaona nini?" na amwache ajibu kwa maneno yake. Kisha amuulize swali la pili: "Wewe ungetaka kujua nini?" Jibu la swali hilo la pili aliandike katika daftari la kijana, kwa jina la kijana.

Mwalimu mkuu ameniambia kwamba yuko tayari kupokea majina ya walio tayari kulea, na kuyabandika katika ubao wa matangazo kabla ya likizo ya Juni. La kwangu nimekwisha kulitoa.